Tabibu, Shoka na Mbung'o

Katika mwaka 1994, mwaka ule ule ambao watu wa Dar es Salaam walianza kuitazama televisheni yao ya ITV, ndugu zao wa Unguja wakiwa wamekwisha kutangulia kwa miaka ishirini hivi, huko Marekani ilianza tamthilia iitwayo ER, yenye kusimulia mambo ya matabibu wa hospitali moja ya kubuniwa mjini Chicago, upasuaji wao na mapenzi yao, ulevi wao na talaka zao, hata mtazamaji aliyeifuata mpaka ilipokoma mwaka 2009 akawajua wale matabibu kuliko anavyowajua mashemeji zake. Mgonjwa huingia juu ya machela, na akishapona au kufa, aghalabu hatujui kwake ni wapi.

Mtu wa Nyakitonto, huko nyanda za juu za Kasulu, akitaka kutunga tamthilia ya namna hiyo kwa historia ya Uha, nchi ya Waha, atapata taabu tangu ukurasa wa kwanza, maana tabibu aliyeingia nchi ile kupambana na malale hakujulikana kwa kisu bali kwa shoka.

Wadachi walikwisha kuyakuta maradhi haya mwambao wa Ziwa Tanganyika kabla ya Vita Kuu ya kwanza, wakajenga kambi na kuwadunga watu atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki iliyowapofusha baadhi ya waliotibiwa. Lakini malale ya bara, yale makali yaliyotambuliwa Maswa mwaka 1922, yana tabia nyingine: huchukuliwa na mbung'o wa msituni, ambaye hunywa damu ya pongo na damu ya binadamu bila ubaguzi, na anayepatwa kwanza ni yule aliyekwenda mbali na mji, mrina asali, mwindaji, mvuvi wa mito. Yalipozidi Kibondo na Kasulu miaka ya 1930, Idara ya Tiba ya Waingereza, ambayo bingwa wake wa malale alikuwa Dkt. George Maclean, ilishikilia kwamba watu wachache waliotawanyika hawauwezi msitu, basi na wakusanywe. Mha, ambaye desturi yake ni kila mtu kukaa katikati ya migomba yake, akaamriwa kuhama. Na tabibu akawa mtu wa kuchagua penye maji na udongo mwema, kusimamia ufyekaji, kuwabembeleza watware, yaani machifu wadogo, au kuwatisha. Tabibu amegeuka akida!

Siku ya ukaguzi watu walisimama msitari mmoja. Kidole kikachomwa, tone la damu likaenezwa juu ya kipande cha kioo, kisha jicho likainama juu ya hadubini kukitafuta kijidudu chembamba kama samaki, kinachojinyonganyonga kati ya chembe za damu. Aliyeonekana nacho alidungwa suramini mshipani, juma baada ya juma, na ole wake ikiwa kimekwisha kufika ubongoni, kwani suramini haikifuati huko.

Nami naona kwamba mhusika mkuu wa tamthilia hiyo asingekuwa Mzungu, bali dresa, msaidizi wa tabibu, kijana mwenye kanzu nyeupe na mshahara mdogo, aliyetafsiri amri mchana, na usiku akarudi kula kwa shangazi yake, ambaye ndiye aliyeamriwa kuiacha migomba. Wenzetu wa Chicago, pamoja na talaka zao zote, hawajapata kuandikiwa chakula cha jioni kizito kama hicho.

Miaka arobaini baadaye, katika Operesheni Kigoma ya 1972, kuhamishwa kulirudi kwa jina la vijiji vya ujamaa, na zahanati ikawa miongoni mwa ahadi.

Mwezi Mei 2003 ER yenyewe iliwapeleka matabibu wake Kongo, katika sehemu iliyoitwa Kisangani, vita vikawa mahali pa mmoja wao, Dkt. Carter, kujijua nafsi yake. Lakini Wakongo waliokimbia vita vya nchi yao walikuwa, tangu 1996, wakivuka Ziwa Tanganyika na kufikishwa kambi ya Nyarugusu, humo humo Kasulu, mikeka kichwani na watoto mgongoni, wakapanga msitari mbele ya chumba cha matibabu. Na mwenye daftari, kabla hajauliza wanaumwa nini, akawauliza kwa Kiswahili wametoka kijiji gani.