Jumapili za Cole na nambari ya tarakimu 21

147,573,952,589,676,412,927. Zidisha 2 mara 67 (2 × 2 × 2, twende kazi), toa 1, utaipata. Kwa zaidi ya miaka 200 nambari hii ilikaa kwenye orodha ya nambari tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Nani aliiweka hapo? Mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, kwenye kitabu chake cha 1644.

Jamani, orodha tu. Huyu ni mtu aliyeandikiana barua na kina Descartes na Fermat, nani angembishia? Na ilikuwa na makosa matano: 67 na 257 hazikufaa kuwemo, halafu 61, 89 na 107 ziliachwa nje. Mtego wenyewe unaonekana mapema. Kwa njia hiyo hiyo, 2, 3, 5 na 7 zinakupa 3, 7, 31 na 127, zote tasa. Ukifika 11 unapata 2,047, na hiyo ni 23 × 89. Kwisha.

Mwaka wa 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akapima ile ya 67 kwa mbinu yake na kuonyesha si tasa. Ila mbinu haikusema inagawanyika kwa nini. Ni kama kuambiwa nyumba ina panya, shimo lake hujaonyeshwa. Ikabaki hivyo miaka 27.

Oktoba 1903, New York, kwenye mkutano wa wanahisabati, Frank Nelson Cole akaonyesha shimo:

193,707,721 × 761,838,257,287.

Inasimuliwa kwamba alienda ubaoni, akapiga hesabu zote mbili bila kusema neno, majibu yakalingana, akarudi kuketi huku ukumbi ukipiga makofi. Aliyeisambaza hadithi hiyo, E. T. Bell, alipenda kutia chumvi, kwa hivyo ichukueni polepole. Ni yeye pia anayesema kazi ilimla Cole Jumapili za miaka mitatu.

Mimi naiamini hiyo ya Jumapili. Kila kigawanyo tasa cha nambari hii lazima kiwe 134 mara kitu fulani, ongeza 1. Kile kidogo ni 134 × 1,445,580, ongeza 1. Ukijaribu moja baada ya nyingine kwa kalamu, utazeeka. Cole alitumia ujanja wa kuchuja nyingi bila kuzigusa, na bado ilikuwa kazi ya punda.

Watu husema Lucas ndiye fundi, na kweli mbinu yake ndiyo nzito. Mimi nampa Cole. Ili kumwamini Lucas lazima uelewe nadharia yake. Ya Cole, mtoto wa darasa la sita ataihakikisha kwa penseli. Asitumie tu kikokotoo kidogo cha shule, tarakimu hazitaenea.