Emeritus: Asili na Maana ya Heshima ya Mstaafu

Askofu, mchungaji au profesa aliyestaafu huweza kupewa jina la heshima "emeritus", yaani anabaki na cheo ingawa ameyaacha madaraka. Neno hili la Kilatini halikuzaliwa kanisani wala chuoni, bali jeshini. Linatokana na kitenzi chenye maana ya kustahili au kuchuma ujira. Emeritus alikuwa askari wa Rumi aliyetimiza muda wake wa utumishi.

Kaisari Augusto aliuweka muda huo kuwa miaka 16 katika mwaka 13 K.K., kisha miaka 20 katika mwaka 5 B.K. Mwaka 6 B.K. alianzisha hazina maalumu ya kuwalipa wastaafu. Kabla ya hapo, mwaka 25 K.K., askari wazee walikuwa wamepewa makao katika mji mpya wa Augusta Emerita, ambao leo ni Mérida, nchini Hispania. Kwa hiyo heshima ile haikuwa jina tupu. Ilifuatana na riziki.

Hapa sisi Walutheri hatuna budi kuuliza: je, neno lenye mzizi wa kustahili lafaa kwetu, tunaokiri katika Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 4, kwamba hatuhesabiwi haki kwa stahili zetu? Katika Warumi 6:23 Mtume Paulo anatumia neno la Kiyunani la ujira wa askari anapotaja mshahara wa dhambi, kisha anaweka uzima wa milele upande wa karama. Jibu letu ni kwamba cheo hiki hushuhudia utumishi mbele ya watu. Hakimpi mtu haki mbele za Mungu.

Neno letu "mstaafu" latusaidia. Limetoka katika Kiarabu, nalo humtaja mtu aliyeomba kuondolewa wajibu. Lina mzizi mmoja na "afu", yaani msamaha. Hesabu 8:24-26 yaeleza jambo hilo hilo: Mlawi aliacha kazi ya hema akiwa na miaka 50, lakini aliendelea kuwasaidia ndugu zake.

Basi mstaafu asishike tena usukani, wala asisukumwe kando. Nalo Kanisa linalompa jina la heshima likumbuke kwamba hata Kaisari aliwapa wazee wake shamba.