Lugha ya Mshindi: Wanormani wa Ulaya na Waborana wa Isiolo

Habari za Wanormani husimuliwa zaidi kama habari za panga na farasi. Zafaa pia kutazamwe ndimi zao. Mwaka 911 mfalme Charles wa Wafaranki alimwachia Rollo, kiongozi wa maharamia waliotoka Skandinavia, nchi iliyo penye mlango wa mto Seine. Haukupita muda mrefu, wazao wa watu hao wakawa Wakristo wasemao Kifaransa. Mwaka 1066 William aliiteka Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya mabwana. Lakini raia hawakuiacha lugha yao. Walioacha, kwa mara ya pili, ni mabwana wenyewe, ingawa walikwisha kukijaza Kiingereza maneno ya sheria na ya mezani: ng'ombe zizini alibaki na jina la zamani, nyama yake sahanini ikapata la Kifaransa. Hata Sicily, mfalme Roger wa Pili alitawala kwa Kigiriki, Kilatini na Kiarabu. Kwa amri yake al-Idrisi alikamilisha, mwaka 1154, kitabu cha jiografia kinachozitaja Malindi na Mombasa.

Isiolo yaonyesha mwenendo wa kinyume. Kabla ya ukoloni nguvu za Waborana zilienea kutoka Liban na Dirre, kusini mwa Ethiopia, hata visima vya Wajir. Utawala wao ulikuwa wa gada, ambamo uongozi hupokezanwa kila miaka 8. Wafugaji wa ngamia, yaani Wagabra na Wasakuye, wawindaji Wawata, na hata Wasomali wa Ajuran waliingia chini ya kivuli chao kwa kufungamanishwa na koo za Kiborana. Günther Schlee, katika kitabu chake cha mwaka 1989, ameonyesha kwamba koo nyingi za Wagabra na Wasakuye zina asili moja na za Warendille na za baadhi ya Wasomali. Hata hivyo lugha yao leo ni Kiborana.

Kisha nguvu zile zikavunjika. Majeshi ya Menelik yaliiteka Borana mwishoni mwa karne ya 19. Wasomali wakawabana visimani Wajir. Na mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza ikawahamishia Waborana wa Wajir kwenye Waso Nyiro, wilayani Isiolo. Wakiwa mbali na sherehe za gada, wengi wao wakawa Waislamu. Katika mji wenyewe walikwisha kukaa Wasomali wa Isaaq na Herti, askari wa zamani wa Vita Kuu ya Kwanza. Juni 1963 waliuawa mkuu wa wilaya Daudi Dabasso Wabera na chifu Haji Galma Dido. Vita vya shifta vilivyofuata, hadi mwaka 1967, viliwafungia watu kambini na kuangamiza mifugo. Wasakuye walipoteza ngamia wao karibu wote.

Kama lugha ingefuata nguvu tu, Kiborana kingalikufa hapo. Hakikufa, na sababu yaonekana kuwa kisima. Wanormani walikuja wachache, wakaoa wenyeji, na watoto wakasema lugha ya mama. Waborana walikuja na ng'ombe, wake na watoto, na pia sheria ya maji. Kisimani yupo abba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha; atakaye maji hana budi kumwelewa na kueleweka naye, kila siku, awe mzee au mtoto. Lugha ya mahakama huweza kuachiwa wakili. Ya kisima haina wakili.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa kusema Kiborana ni kuwa Mborana. Msakuye wa Isiolo hukisema tangu utotoni, wala hana lugha nyingine ya nyumbani. Lakini aulizwapo kabila lake, hujibu kwa Kiborana hichohicho kwamba yeye ni Msakuye.