Kumbukumbu za Wazee wa Maji Maji

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii huwaonya wafanya biashara, walakini yamfaa pia mtu atafutaye historia. Maana kumbukumbu za watu wa kawaida ni mali, nazo zisipoandikwa hupotea pamoja na wenyewe.

Tutazame Vita vya Maji Maji. Mwezi wa Julai, mwaka 1905, katika vilima vya Umatumbi, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, watu wa Nandete waliingia katika shamba la pamba wakaing'oa miche yake. Vita vilienea upesi, navyo havikuzimika kabisa hata 1907. Wajerumani, waliokuwa wakitawala, waliandika habari nyingi za mapigano. Juu ya sababu zake, Gavana wao, von Götzen, aliwatupia lawama waganga na dawa zao. Waliopigana hawakuandika kitabu, na kwa hiyo neno la mtawala lilisimama peke yake.

Hata katika miaka ya 1968 na 1969, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee. Haja ilikuwa kubwa, kwani kijana aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alikuwa sasa amefikia 78. Wazee walieleza jinsi walivyolazimishwa kulima pamba, wakichapwa viboko na kupata malipo kidogo mno, huku mashamba yao wenyewe yakiota magugu. Walieleza pia habari za Kinjikitile wa Ngarambe, na jinsi habari za maji yake zilivyopita kwa mnong'ono toka mtu hata mtu, mnong'ono ambao Wamatumbi waliuita njwiywila. Kumbe maji yale yaliwapa watu ujasiri na umoja. Lakini kilichowachosha ni jembe la kulazimishwa.

Si kwamba kila asemalo mzee ni kweli tupu. Mzee husahau, na pengine huongeza chumvi ili kuwasifu jamaa zake. Kwa hiyo mwenye kukusanya habari hana budi kuwauliza wengi, kisha alinganishe maneno yao na yaliyoandikwa. Lakini karatasi za serikali nazo zaweza kuficha. Nazo zapaswa kupimwa vivyo hivyo.

Leo hakuna hata mmoja wa wapiganaji wale aliye hai, ila maneno yao yangaliko. Kama wangaliulizwa miaka 20 baadaye, wachache sana wangalipatikana wa kujibu.

Basi, mwanafunzi, urudipo nyumbani wakati wa likizo, chukua daftari ukae karibu na bibi yako. Muulize alilima nini, alilipa kodi gani, na siku ya njaa alikula nini. Andika jina la mahali na mwaka, wala usiyapambe maneno yake.