Semina za Kuomoka: Pesa Iko Mlangoni

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki na watu wa rika langu: hiyo semina ya kufunzwa kuomoka, ya elfu thelathini, elfu hamsini, niende ama nisiende? Jibu langu ni usiende. Na si wivu, wala si ati nachukia watu wenye pesa. Ni vile hii biashara iko na historia ya zaidi ya miaka mia moja, na ukiisoma unaona mchezo ni ule ule. Kinachobadilika ni suti na gari.

Nianze na upande mzuri, ndio msiseme nimekuja na chuki. Huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, kulikuwa na mhubiri wa Kibaptisti anaitwa Russell Conwell. Alikuwa na hotuba moja inaitwa "Acres of Diamonds", kuhusu mtu aliyeuza shamba lake akaenda kutafuta almasi nchi za mbali, kumbe almasi zilikuwa zimelala pale pale shambani. Ujumbe wake: utajiri uko hapo ulipo, na ni jukumu lako kuutafuta. Conwell aliitoa hotuba hiyo zaidi ya mara 6,000. Hotuba moja, wasee. Sisi tukirudia video mara mbili watu wanalalamika.

Pesa nyingi alizopata zilienda kusaidia wanafunzi maskini, na chuo alichokianzisha kule Philadelphia, Temple University, kiko hadi leo. Kwa hivyo sina noma na Conwell kama mtu. Lakini angalia vile pesa ilitembea. Hakuna aliyefunzwa kuchimba almasi. Watu walilipa kiingilio, wakasikia vizuri moyoni, wakarudi nyumbani. Pesa ya uhakika usiku ule ilikuwa mlangoni.

Mwaka 1912 kijana mwingine, Dale Carnegie, alianza kufundisha watu kuongea mbele ya umati katika YMCA moja ya New York. Alitaka alipwe dola 2 kwa kila kipindi, wakakataa, wakakubaliana achukue asilimia ya kinachoingia. Darasa likajaa. Hiyo mimi naiheshimu, na sababu ni rahisi: aliuza ujuzi unaoweza kupimwa. Ukitoka pale, ama unaweza kusimama mbele ya watu na kuongea, ama huwezi. Hakuahidi mtu milioni. Shida inaanza pale bidhaa yenyewe inapokuwa ni utajiri.

Napoleon Hill ndiye aliyeifanya hiyo bidhaa iwe maarufu, na kitabu chake "Think and Grow Rich" cha mwaka 1937. Angalia huo mwaka. Marekani ilikuwa bado kwenye ule mdororo mkubwa wa uchumi, kazi hakuna, watu wamechoka. Hill aliambia dunia kwamba siri yake ilitoka kwa tajiri wa chuma, Andrew Carnegie (hana undugu na yule Dale), eti walikutana mwaka 1908. Tajiri huyo alifariki mwaka 1919, kwa hivyo hakuwepo wa kukubali wala kukataa. David Nasaw, mwanahistoria aliyeandika kitabu kikubwa cha maisha ya Carnegie, alisema hakupata ushahidi wowote kwamba hao wawili waliwahi kukutana. Na bado kitabu hicho kiko kwa kila meza ya barabarani hapa Nairobi, kando ya vitabu vya kupata mume.

Sasa tufike kwa mtu ambaye ningependa kila mtu anayetaka kulipia semina amjue. Anaitwa Glenn W. Turner.

Turner alizaliwa South Carolina, familia ya wakulima maskini waliolima shamba la wenyewe. Alizaliwa na mdomo uliopasuka, akaongea kwa shida, na aliachia shule darasa la nane. Alifanya kazi ya kuuza cherehani mlango kwa mlango. Mwaka 1967 akaanzisha kampuni ya vipodozi huko Florida inaitwa Koscot, ya kuuza krimu za mafuta ya mnyama anaitwa minki. Lakini krimu haikuwa biashara. Biashara ilikuwa kuuzia watu haki ya kuuza krimu, na haki ya kuleta wengine wanunue hiyo haki. Baadaye akaona, krimu ya nini tena? Akaanzisha kampuni nyingine, "Dare to be Great", na hii sasa ilikuwa inauza kujiamini. Yaani kaseti.

Ukilipa dola 300 ulipata tepurekoda ndogo ya kubeba, masomo ya kaseti, daftari, na nafasi ya kukaa kwa vikao. Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza. Ngazi ya pili dola 700. Ya tatu dola 2,000. Ya nne dola 5,000, wakati dola 5,000 zilikuwa pesa za kununua gari mpya na chenji ikabaki. Na hapa ndio utamu: ukifika ngazi za juu, uliruhusiwa kuleta wengine. Ukimwingiza mtu ngazi ya nne, unapewa 2,500. Ukileta wawili umerudisha zako. Wa tatu ni faida.

Kesi yake ilifika mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 1973, baada ya tume inayosimamia masoko ya hisa kumshtaki. Nimesoma uamuzi wa ile kesi, na pahali majaji wanaeleza mikutano ya Turner ilivyokuwa, nilicheka kwanza halafu nikaacha kucheka. Walisema ilifanana na mikutano ya injili ya zamani, tofauti ni kwamba hapa wokovu ulikuwa pesa ya haraka. Wauzaji wanashangilia. Kuna mngurumo maalum wa pesa ambao watu waliutoa pamoja. Wauzaji walivaa nguo za bei, wakaendesha magari mapya, wakarusha noti ovyo. Sinema inaonyeshwa ya vile Turner alitoka kwa umaskini. Na aliyenunua ngazi ya juu alifundishwa ajifanye amefika hadi siku atakapofika.

Hiyo ni zaidi ya miaka 50 iliyopita. Ebu toa tepurekoda weka simu, toa Cadillac weka Range Rover ya kukodisha. Si ni Jumamosi iliyopita, hoteli fulani Westlands?

Turner alikuwa anajua kitu kingine: kuacha shule inauza. Kila akisimama jukwaani alikuwa ushahidi kwamba hauhitaji karatasi. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sijakuja hapa kutetea digrii. Lakini naona vile hadithi kama yangu inatumiwa. Msee anasema "niliacha chuo, na sasa nionee hii nyumba," halafu hakuna anayeuliza hizo hatua za katikati. Kuacha chuo hakujanilipia kodi hata mwezi mmoja. Ni kazi imenilipia.

Turudi kwa hesabu, kwa sababu hapo ndipo maumivu yako. Tuseme kila mtu anahitaji kuleta watatu ndio aone faida. Mmoja, watatu, tisa, ishirini na saba. Mwanzo inakaa rahisi, marafiki watatu nani hana? Ukifika hatua ya kumi unahitaji watu 59,049. Hatua ya kumi na sita peke yake inahitaji zaidi ya milioni 43, na sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, pamoja na watoto wachanga na shosho zetu. Kwa hivyo wengi wa walioko ndani ni lazima wawe wale wa mwisho, wasio na mtu wa kuleta. Haihusiani na bidii. Unaweza kuamka saa kumi asubuhi kila siku, uoge maji baridi, na hesabu haitabadilika.

Watakuambia semina ya siku hizi si piramidi, hakuna kuleta watu. Kweli, nyingi ziliacha hiyo sehemu kwa sababu ya sheria. Ngazi ndizo hazikuacha.

Mfano ni Trump University, iliyoanza mwaka 2005. Haikuwa chuo kikuu, na serikali ya jimbo la New York iliwaambia waache kutumia hilo jina. Ilikuwa hivi: kikao cha kwanza bure, dakika 90 za hotelini. Pale unauziwa semina ya siku tatu, dola 1,495. Kwa hiyo semina ya siku tatu, ambapo wewe unadhani umekuja kufunzwa mambo ya nyumba na mashamba, unauziwa ngazi ya juu kabisa ya dola 34,995. Kwa bei ya dola ya siku hizi hiyo ni kama milioni nne na nusu za Kenya. Waliolipa walienda kortini, na mwaka 2016 wakakubaliana walipwe dola milioni 25. Kumbuka huyo wakati huo alikuwa ameshinda tu urais. Alikuwa na pesa, jina, wakili wa kila aina, na bado alilipa.

Na kuna hii ya Robert Kiyosaki, ambaye kitabu chake cha baba tajiri na baba maskini kilitoka mwaka 1997 na kimesomwa na kila mtu kwa hii jiji, ama amejifanya amesoma. Kampuni iliyomsaidia kufika kwa majukwaa makubwa, Learning Annex, ilimshtaki kampuni yake ikidai sehemu yake ya faida. Korti ikaamua ilipwe karibu dola milioni 24. Mwaka 2012 hiyo kampuni ya Kiyosaki ikajitangaza imefilisika. Kampuni, si yeye. Yeye aliendelea kuwa tajiri. Hapo sasa ndio kuna somo la bure kuliko yote: ugomvi wao wote, mamilioni yote hayo, yalikuwa pesa ya nani? Yalitoka kwa watu waliokaa kwa viti.

Hapa kwetu tuna historia yetu. Mnakumbuka kware? Wadogo waulizeni wazazi. Mwaka 2013 kuingia 2014 nchi nzima ilikuwa kware. Yai moja lilipaa hadi shilingi 100. Watu walichukua mikopo, wakatafuta leseni ya shirika la wanyamapori la KWS, wakajenga vibanda, wakalipia mafunzo ya kufuga. Wajaluo walikuwa wanatega aluru tangu zamani bila semina yoyote, lakini nani aliwauliza? Waliouza vifaranga na mayai ya kuangulisha mwanzoni waliomoka kweli. Kisha kila mtu akawa na mayai na hakuna mnunuzi, bei ikaanguka, watu wakachinja ndege wakala. Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu vile kware anafugwa. Ni soko ndilo hakufundisha, kwa sababu soko lilikuwa darasa lenyewe.

Siku hizi ni foreksi. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya fedha ya Ulaya ilisema kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwa zile biashara za mkopo wa broka hupoteza pesa, na mabroka wa huko walilazimishwa kuandika hasara ya wateja wao waziwazi. Ingia tovuti yao, chini kabisa, utaona. Sasa mtu akiniambia amepata njia ya kuwa kati ya wale wachache, na ataniuzia kwa elfu arobaini pamoja na chai na mandazi, mimi nauliza: mbona unahitaji elfu arobaini yangu? Kenya ina kanuni za biashara hii tangu 2017, na orodha ya mabroka wenye leseni iko kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kuiangalia ni bure.

Wengine husema, "si masomo, nalipia kukutana na watu." Sawa. Hebu geuka kwa kiti uangalie hicho chumba. Kimejaa watu wanaotafuta pesa, kama wewe. Mwenye nayo ni mmoja na ameshika maiki.

Mimi nalipia masomo. Nimelipia kozi ya kuhariri video, shilingi elfu chache, na jamaa aliyenifundisha nilikuwa naona kazi yake kwa runinga. Swali nililomuuliza ndilo naulizaga kila mtu: pesa yako ilitoka wapi kabla uanze kufundisha, na mwaka jana ulipata ngapi nje ya kufundisha? Alijibu bila shida, akanionyesha hata ankara.

Turner, kwa wale mnaotaka kujua, hakuacha. Alirudi na kampuni nyingine ya aina ile ile, na mwaka 1987 korti ya Arizona ikampata na hatia ya ulaghai, akapewa kifungo cha miaka saba.

Lile swali langu nimeliuliza pia kwa semina moja ya bure hapa katikati ya jiji, mkono juu, kwa heshima zote. Niliambiwa niko na mawazo ya umaskini. Watu wakapiga makofi, kisha akaendelea kueleza punguzo la watakaolipa kabla ya saa kumi.