Windows na Linux kwenye kompyuta moja: namna ya kupanga diski za RAID bila kupoteza mafaili

Kompyuta moja ya steshenari katika kata kama Ihembe, wilayani Karagwe, inaweza kubeba kazi za watu wengi: mitihani ya shule, barua za serikali ya kijiji, orodha za wakulima wa kahawa, picha za harusi, CV za vijana wanaotafuta ajira. Diski ikifa, vyote vinakwenda nayo.

Fundi wa kurudisha data hapatikani kila senta. Mara nyingi ni safari ya Bukoba au Mwanza, gharama yake siyo ndogo, na bado mtu anaweza kurudi mikono mitupu. Ndiyo maana wenye kompyuta za nyumbani na ofisi ndogo wanaulizia RAID, yaani kutumia diski mbili ili moja ikifa nyingine ibaki.

Wakati huohuo, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi za zamani hazina vigezo vya Windows 11, kwa hiyo watumiaji wengine wanaweka Linux pembeni ya Windows.

Kila jambo peke yake siyo gumu. Ukiyachanganya bila mpango, hapo ndipo mafaili yanapotea.

RAID ni nini hasa

Ni njia ya kuunganisha diski mbili au zaidi zifanye kazi kama diski moja. Jina hilo lilitolewa katika andiko la mwaka 1988 la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hoja yao: badala ya diski moja kubwa ya bei mbaya, tumia kadhaa za bei nafuu.

Aina tatu ndizo zinazotajwa sana:

- RAID 0: data inagawanywa kwenye diski zote. Kasi inaongezeka, lakini diski moja ikifa, kila kitu kimekwenda.
- RAID 1: kinachoandikwa kwenye diski moja kinaandikwa na kwenye ya pili. Diski mbili za TB 2 zinakupa nafasi ya TB 2, siyo 4.
- RAID 5: inahitaji diski tatu au zaidi. Moja ikifa, kazi inaendelea.

Kwa nyumbani au ofisi ndogo, RAID 1 inatosha. RAID 0 isitumike kabisa kwa kazi za watu.

RAID siyo bakapu

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. RAID 1 inakulinda na jambo moja tu: diski moja kufa.

Ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Kirusi kikiingia, kinaharibu zote mbili. Radi ikipiga laini ya umeme msimu wa mvua, inaweza kuunguza zote mbili kwa pamoja. Mwizi akiingia, anabeba boksi zima.

Kwa hiyo kabla ya kununua diski ya pili ya RAID, mtu awe na diski ya nje ya bakapu. Ichomekwe mara moja kwa wiki, mafaili yanakiliwe, kisha itolewe na kuwekwa nyumba nyingine. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, bakapu ndiyo ya kwanza.

Windows na Linux hazisomi RAID kwa namna moja

RAID inaweza kutengenezwa na Windows yenyewe, na Linux yenyewe, au na kifaa kilichomo kwenye kompyuta. Uchaguzi huo ndio unaoamua nani ataona mafaili.

- RAID ya Windows (Storage Spaces): Ubuntu ya kawaida haiisomi.
- RAID ya Linux (mdadm): Windows haiisomi.
- RAID ya kadi maalumu: mifumo yote inaona diski moja tu, lakini kadi ni ghali, na ikifa mara nyingi inatakiwa nyingine ya aina hiyohiyo.
- RAID ya BIOS: ipo kwenye baadhi ya mashine. Ni ya programu ingawa inaonekana kama ya kifaa, na Linux inaweza kusumbua wakati wa kuiweka.

Rahisi zaidi ni kuamua mapema mfumo upi ndio utunze kazi. Mfano unaofuata ni wa anayetunza kazi zake kwenye Linux na kutumia Windows kwa programu chache tu. Anayefanya karibu kila kitu kwenye Windows afanye kinyume: RAID yake aitengenezee kule.

Mpangilio unaofaa

Diski zinazotakiwa ni tatu:

- SSD moja, mfano GB 500, ya kubeba Windows na Ubuntu.
- Diski mbili za ukubwa sawa kwa ajili ya RAID 1.

Mifumo yenyewe isiwekwe kwenye RAID. Windows au Ubuntu ikiharibika, inawekwa upya. Mafaili ya mteja hayawekwi upya.

Diski za mtumba zipimwe afya kwanza kwa CrystalDiskInfo kwenye Windows au smartctl kwenye Linux. Diski mbili zilizotoka toleo moja na kutumika miaka sawa zinaweza kufa karibu wakati mmoja, kwa hiyo ni vizuri zikawa za matoleo tofauti.

Hatua kwa hatua

1. Toa nakala ya kila kitu. Hatua zinazofuata zinaweza kufuta diski nzima ukikosea herufi moja.

2. Ingia BIOS. Angalia kama diski zimewekwa kwenye AHCI au RAID. Kwa mpangilio huu inatakiwa AHCI, na ichaguliwe kabla ya kuweka Windows. Ukibadilisha baadaye, Windows inaweza kugoma kuwaka.

3. Weka Windows kwanza. Chomoa zile diski mbili za RAID ili usizichanganye. Acha nusu ya SSD wazi, isifomatiwe.

4. Zima "Fast Startup" ya Windows. Isipozimwa, Windows haijifungi kabisa, na Linux inaweza kukataa kuandika kwenye sehemu za Windows. Kama BitLocker imewashwa, andika namba zake za kufungulia kwenye karatasi.

5. Weka Ubuntu kwenye nafasi iliyobaki. Toleo la 24.04 lilitoka Aprili 2024 na linapata masasisho ya kawaida kwa miaka mitano. Kuanzia hapo, kompyuta ikiwaka itauliza: Ubuntu au Windows?

6. Zima mashine, chomeka diski mbili, washa Ubuntu. Andika lsblk kujua majina ya diski. Yasibahatishwe. Tengeneza patisheni moja kwenye kila diski, kisha weka programu ya mdadm na uandike amri hii, ukibadilisha majina yalingane na diski zako:

sudo mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb1 /dev/sdc1

7. Fomati /dev/md0 kwa ext4. Hifadhi mpangilio kwenye faili la mdadm.conf, kisha weka RAID kwenye fstab ikiwa na neno nofail, ili Ubuntu iwake hata RAID ikiwa na tatizo. Diski za TB 2 huchukua saa kadhaa kulinganishwa mara ya kwanza. Maendeleo yanaonekana kwa amri ya cat /proc/mdstat.

8. Acha sehemu ndogo ya NTFS kwenye SSD. Hiyo ndiyo meza ya kupitishia mafaili kati ya Windows na Ubuntu, maana zote mbili zinaisoma.

Tahadhari moja: ukiwasha Windows na ikauliza kama ifomati diski isiyoitambua, jibu ni hapana. Diski hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyobeba kazi zote.

Saa kurudi nyuma

Baada ya siku chache mtumiaji hugundua kitu cha ajabu. Akitoka Ubuntu kuingia Windows saa 4 asubuhi, saa ya kompyuta inaonyesha saa 1 asubuhi.

Siyo betri. Linux huandika saa ya kimataifa kwenye mashine, Windows huisoma kama saa ya hapa, na Tanzania iko mbele kwa saa tatu. Inarekebishwa kwenye Ubuntu kwa amri moja:

timedatectl set-local-rtc 1

Umeme ndio adui mkubwa

Umeme ukikatika wakati RAID inaandika, diski mbili zinaweza kupishana, na ukirudi mashine italazimika kuzilinganisha tena. UPS ndogo inatoa dakika chache za kuzima vizuri. Kwa kompyuta ya mezani hiyo ni sehemu ya gharama za RAID, siyo pambo. Laptopu ina betri yake, ingawa nyingi hazina nafasi ya diski tatu.

Radi ikianza kunguruma, zima na uchomoe waya ukutani. UPS za kawaida hazizuii radi iliyopiga karibu.

Jaribu kabla ya kuamini

RAID ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu. Kabla ya kuweka kazi ya mtu yeyote humo, nakili mafaili machache ya majaribio. Zima kompyuta, chomoa diski moja ya RAID, kisha washa Ubuntu.

Mafaili yakifunguka, mpangilio uko sawa. Zima, rudisha diski, na uiongeze tena:

sudo mdadm /dev/md0 --add /dev/sdc1

Subiri ulinganishaji uishe. Halafu jenga tabia ya kuangalia /proc/mdstat kila wiki. Alama ya [UU] inamaanisha diski zote mbili ni nzima. Ukiona [U_], moja imetoka au imekufa, na kompyuta inaweza kuendelea kufanya kazi miezi bila mtumiaji kugundua, hadi siku ya pili nayo inapokufa.

Siku ukiona alama hiyo, nakili kila kitu kwenye diski ya bakapu kwanza. Baada ya hapo ndipo utafute diski mpya.