Dürer na Mzee Bellini: Urafiki wa Wachoraji Mjini Venice, 1505–1507

Albrecht Dürer alipofika Venice mwishoni mwa 1505, jina lake lilikuwa limemtangulia. Picha alizochonga kwenye vibao vya mbao na mabamba ya shaba, kisha akazichapa, zilikuwa zikiuzwa na kuigwa kote Italia. Umri wake ulikuwa miaka 34. Fedha za safari alikopeshwa na rafiki yake wa Nuremberg, msomi tajiri Willibald Pirckheimer, na ni huyo ambaye Dürer alimwandikia barua kumi za 1506 zilizosalia hadi leo. Mengi tunayoyajua kuhusu ziara hiyo tunayapata humo. Zimejaa habari za kutafuta vito, lulu, mazulia na vitabu ambavyo Pirckheimer alimwagiza, na katikati ya hesabu hizo za sokoni mchoraji anafungua moyo.

Wenyeji wake wa kwanza walikuwa wafanyabiashara wa Kijerumani. Jumba lao, Fondaco dei Tedeschi, lililo kando ya daraja la Rialto, lilikuwa limeungua Januari 1505 na lilikuwa likijengwa upya. Msomaji wa pwani yetu asiwapite haraka watu hawa. Mwaka huohuo, msafara wa Wareno chini ya Francisco de Almeida uliiteka Kilwa mwezi Julai, na Agosti ukaipora Mombasa na kuichoma moto. Miongoni mwa waliotia mitaji katika msafara huo zilikuwamo nyumba za biashara za Augsburg na Nuremberg, ikiwamo ya ukoo wa Imhoff, ambao jina lao linatajwa pia katika barua za Dürer. Sanaa ya Ulaya ya karne ile haiwezi kutenganishwa na fedha hizo, na historia inayoeleza uzuri wa picha bila kuwataja watu wa Kilwa na Mombasa ni nusu ya historia.

Wachoraji wengi wa Venice walimwonea kijicho. Waliziiga kazi zake makanisani huku wakizibeza kwamba hazifuati mtindo wa kale. Chama chao kilimfikisha mbele ya mahakimu mara tatu, akalazimika kukilipa florini nne. Rafiki zake Waitalia walimwonya asile wala kunywa pamoja na wachoraji wa mji ule. Ila mmoja alikuwa mbali na chuki hizo: Giovanni Bellini. Mzee huyo alimsifu mbele ya waungwana, kisha akamwendea mwenyewe kumwomba amchoree kitu, akiahidi kumlipa vizuri. Dürer akamwandikia Pirckheimer kwamba Bellini ni mzee sana, lakini bado hana mpinzani katika uchoraji.

Sababu ya sifa hiyo ipo katika kanisa la San Zaccaria, kwenye picha ya madhabahuni ambayo Bellini aliitia saini na mwaka 1505. Bikira Maria amekaa na Mtoto, kushoto na kulia wamesimama Petro, Katerina, Lusia na Yeronimo aliyezama katika kitabu chake. Hakuna anayemtazama mwenzake. Nuru inaingia kutoka kushoto na kutua taratibu juu ya mavazi, na chini ya kiti cha enzi malaika anapiga fidla.

Sasa tazama alichofanya Dürer. Wajerumani walipomtaka awachoree picha kwa kanisa lao la San Bartolomeo, alichora *Sikukuu ya Rozari*, ambayo upana wake unakaribia meta mbili. Papa na mfalme Maximilian wamepiga magoti wakivishwa mataji ya waridi, na miguuni pa Maria ameketi malaika akipiga ala ya nyuzi ya jamii ya udi. Malaika huyo ni salamu za heshima kwa Bellini, wala Dürer hakujaribu kuficha deni lake. Upande wa kulia alijichora mwenyewe akiwa ameshika karatasi inayotangaza kwamba yeye, Mjerumani, aliimaliza kazi hiyo kwa miezi mitano. Doji Leonardo Loredan, mtawala wa Venice, na Patriaki wa mji huo walikwenda kuitazama, na wale waliodai kwamba hajui kutumia rangi wakanyamaza.

Kabla ya kurudi kwao mwaka 1507 alikwenda Bologna kujifunza kanuni za kuchora umbali. Katika barua aliyoandika Oktoba 1506 alilalamika kwamba atalikosa jua la Venice, mji alikoheshimiwa kama bwana.

*Sikukuu ya Rozari* haipo tena Venice. Kaizari Rudolf II aliinunua mwaka 1606 na kuipeleka Prague, ambako ingali hadi sasa, sehemu yake ya katikati ikiwa imeharibika vibaya na kupakwa rangi upya. Picha ya Bellini nayo ilichukuliwa na Wafaransa wakati wa Napoleon, lakini ilirudishwa. Ukijaliwa kufika Venice, usiishie uwanja wa Mtakatifu Marko pamoja na umati. Tembea dakika chache tu kuelekea mashariki, ingia San Zaccaria, na utazame ukuta wa kushoto.